Injini Iliyokufa Iking'aa

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na ukungu ulikuwa umekaa chini chini, unawafikia watu magotini. Redio ya Nchi ilikuwa imetangaza jua kali, kwa hiyo niliacha mwavuli nyumbani nikalowa kwa utii.

Naiita Nchi tu, kwa sababu jina lake halisi liko kwenye matengenezo. Lilipelekwa wizarani miaka mitatu iliyopita likapigwe rangi, na hatujaambiwa litarudi lini. Sisi raia hatulalamiki. Tunaomba tu, kila mtu kwa dini yake.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa katika Kituo cha Afya cha Mawe Saba. Nimeendesha miaka ishirini na sita, na nimejua kusoma miaka miwili, tangu nijiunge na darasa la jioni la watu wazima. Zamani karatasi ikija nilikuwa nampa Sista Kandida, mkuu wa kituo, ananisomea. Asubuhi hiyo ilipokuja karatasi niliisoma mwenyewe, nimesimama, kwa sauti, mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi la kliniki. Namshukuru Mungu kwa neema hiyo, ingawa siku hizi nashukuru nikiwa nimeuma meno.

Ulikuwa Waraka Namba Moja wa Wizara ya Ulaini. Ulisema hivi:

"Kuanzia leo, kila injini ya umma ipakwe mafuta ya daraja la juu kabisa, yaliyotengenezwa maabara kwa akili ya binadamu. Mafuta ya kawaida, yanayochimbwa ardhini kama viazi, hayataruhusiwa kuigusa injini ya umma, nje wala ndani. Atakayekiuka atafungwa miaka mitano, na injini yake itahojiwa."

Kwenye benchi alikuwapo Nyamizi, fundi cherehani wa pale sokoni, mimba ya miezi saba. Alikuwa akisikiliza huku anajipepea na kadi yake ya kliniki.

"Mzee Eliakimu," akaniita, "hebu rudia hapo. Injini ifanywe nini?"

"Ipakwe."

"Ipakwe! Mimi cherehani yangu naitia tone kwenye tundu. Siipaki mgongoni kama mtoto aliyetoka kuoga."

Akina mama wakacheka. Nyamizi hakucheka nao sana. Alikuwa na sababu ya kuliulizia gari lile kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekaa vibaya tumboni, akafia njiani miaka miwili iliyopita, wakati gari letu limeharibika, halina vipuri, na mgonjwa anapelekwa kwa kitanda cha kamba. Safari hii daktari alimwandikia kwa wino mwekundu: atajifungulia hospitali ya mkoa, kwa upasuaji, na uchungu ukimuanza asikae Mawe Saba hata saa moja. Kutoka kwetu hadi hospitali ya mkoa ni kilomita sitini na nne, na katikati kuna mlima wa Kona Tisa.

"Gari zima lakini, baba?" aliniuliza.

"Zima," nikamjibu. Na siku hiyo lilikuwa zima kweli.

*

Jioni nilikwenda na waraka ule darasani. Mwalimu wetu, Mwalimu Perpetua, hana vitabu, kwa hiyo tunasoma chochote tunacholetewa: nyaraka, makaratasi ya dawa, matangazo ya misiba. Aliusoma mara mbili. Kisha akaandika ubaoni: *kupaka – nje. Kutia – ndani.*

Mzee mmoja wa nyuma, muuza mkaa, akakohoa kicheko. Mimi sikuelewa kinachochekesha.

Mwalimu alitueleza yaliyotokea, maana mdogo wake ni mchapaji wa wizara. Rasimu ya kwanza ilisema wazi kwamba injini *itiwe* mafuta. Lakini kabla ya kusainiwa ikapelekwa kwenye Kamati ya Usafi wa Lugha. Kamati ilikaa siku kumi na moja, ikala posho ya siku kumi na tano, ikaamua kwamba neno *kutia* haliwezi kusomwa mbele ya Mheshimiwa Waziri akiwa amekaa na mkewe. Wakatafuta neno lenye heshima. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba Kiongozi wa Nchi mwenyewe ni mpakwa mafuta. Basi wakasimama wote, wakapiga makofi, wakaandika *ipakwe*.

"Sasa hilo neno la kwanza lina ubaya gani, Mwalimu?" nikauliza.

Mwalimu Perpetua akachukua kifutio, akafuta sehemu ya ubao ambayo haikuwa na kitu.

"Mzee Eliakimu," akasema, "tuendelee na viwakifishi."

*

Gari letu lilikuwa linatunzwa na Fundi Sikudhani. Gereji yake ni kiwanja chenye shimo moja na turubai moja, na ndiyo gereji pekee Mawe Saba ambayo ukiacha spana mezani unaikuta. Nilimkuta yuko chini ya trekta la kanisa, miguu nje. Nikamsomea waraka miguuni.

"Wewe mzee una laana gani," akasema kutoka chini. "Wenzako wakijua kusoma wanasoma Biblia."

"Nasoma na hiyo. Niambie, Fundi. Hiyo oili ya maabara inastahili bei yake? Nimeulizia mjini. Galoni moja ni bei ya mbuzi wawili wakubwa. Hii yetu ya kawaida ni jogoo na chenji inarudi."

Akajivuta nje, akakaa, akajifuta mikono kwa gazeti lenye picha ya Mheshimiwa, bila kuangalia ni gazeti gani.

"Si uongo, oili ile ni nzuri," alisema. "Injini mpya, za siku hizi, njia zake za oili ni nyembamba kama uzi, zinazunguka kwa kasi, zinachemka. Ile inavumilia joto, haigandi kwenye baridi, inakaa muda mrefu kabla ya kuimwaga. Mtu mwenye gari la namna hiyo akinunua, hajapoteza hela. Lakini hili lako, mzee wangu! Lina umri wa binti yangu aliyeolewa. Linavuja hapa, linavuja pale, na nyingine linaiunguza. Linakula oili kama mgeni asiyejua aliyemwalika. Ukilipa mbuzi wawili, unawamwaga barabarani. Hili linataka oili ya kawaida, uzito wake ule ule ulioandikwa na kiwanda, filta mpya, na kuimwaga kila kilomita elfu tano bila kuchelewa. Basi. Injini hazifi kwa sababu oili ni ya bei rahisi. Zinakufa kwa uchafu na kwa ukavu."

"Na hii ya kupaka?"

"Hiyo," alisema Sikudhani, akirudi chini ya trekta, "kamuulize mwenye ngozi kavu."

*

Waziri wa Ulaini, Mheshimiwa Daktari Kapteni Mstaafu Baltazari Nyororo, alikuja Mawe Saba mwishoni mwa mwezi kuzindua upako. Alikuja na magari kumi na manne. Uwanja wa shule ulimwagiwa maji tangu alfajiri ili vumbi lisimkosee adabu, na kwa sababu hiyo kituo cha afya hakikuwa na maji siku mbili. Wakunga waliosha mikono kwa maji ya dripu. Niliomba Mungu asiwahesabie dhambi. Sikutaja ni akina nani.

Waziri alipanda jukwaani akiwa ameinua galoni ya dhahabu kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Kuna mafuta, na kuna Mafuta! Haya niliyoshika, wanasayansi wamenithibitishia, kila chembe yake ina ukubwa sawa na mwenzake. Zimejipanga kama gwaride! Lakini mafuta ya kawaida, chembe zake ni kama nyinyi hapo: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu amechelewa, hakuna nidhamu! Sasa nasikia kuna watu wananong'ona. Wanauliza bei. Ndugu zangu, mtu anayeuliza bei ya ulaini ni mtu anayependa kukwaruzwa!"

Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na mtu wa kuonyesha lini tupige na lini tuache.

Halafu likaletwa gari letu la wagonjwa, boneti wazi. Waziri akapewa brashi mpya yenye utepe. Akachovya kwenye galoni, akaipaka injini juu, ubavuni, hadi kwenye mikanda. Bendi ikapiga. Injini iliyokuwa na moto kidogo ikaanza kufuka moshi, na mtangazaji akatueleza kwamba ule ni moshi wa shukrani.

Hapo ndipo Sikudhani aliponyoosha mkono. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na kilemba, nami sikumtambua mara moja, maana huwa namjua kwa miguu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni fundi wa gari hilo. Naomba kuuliza kitu kimoja tu. Oili hii inapakwa, au inatiwa?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Walicheka wazee, walicheka wanafunzi waliopangwa kuimba, na askari mmoja alijificha uso kwa kofia. Mke wa Waziri akafungua mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwamo. Nami ndipo hatimaye nikaelewa kwa nini mwalimu wangu alifuta ubao mtupu, nikaona haya ya mtu wa miaka hamsini na saba.

Sikudhani hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama anasubiri jibu.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa barua. Alishtakiwa kwa kosa la kutamka kitendo mbele ya familia ya kiongozi. Leseni ya gereji yake ilisimamishwa. Aliruhusiwa kutengeneza mikokoteni tu, ile ya magurudumu mawili.

Na hili niliseme, kwa sababu nimeapa kusema kweli katika sala zangu zote: magari kumi na manne ya Waziri yalitiwa oili ndani, kama kawaida, na yanakwenda vizuri mpaka leo. Fundi wake hajui kusoma. Hajawahi kuuelewa waraka. Mungu amhifadhi hivyo hivyo.

Mimi nilijua kusoma. Ndiyo shida yenyewe.

*

Wizara ilituletea mkaguzi, Bwana Fulgensi, Mkaguzi Mkuu wa Upako wa Kanda. Alikuwa kijana mpole, ana kalamu nne mfukoni na kitambaa cheupe cha hariri. Alikuja kila Alhamisi. Anafungua boneti, anaivuta hariri juu ya injini, anaiinua dhidi ya jua. Ikiwa na mafuta, anasema, "Upako umekubali." Ikiwa kavu, anaandika.

Alhamisi ya kwanza alifanya jambo jingine. Alichukua waya na kipande cha madini ya risasi, akaufunga kwa lakiri ule mfuniko tunaofungua kuongeza oili.

"Hii ya nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Ili mafuta ya kawaida yasiingie, mzee. Waraka umesema nje wala ndani."

"Na hayo ya maabara yataingilia wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto mahali pa kuzaliwa jua.

"Hayaingii, mzee. Yanapakwa. Umesoma waraka?"

"Nimeusoma."

"Basi."

Nilipaka. Mungu anajua, nilipaka kila asubuhi, kwa brashi, galoni ya mbuzi wawili. Vumbi la barabara lilinasa kwenye mafuta, nikapaka juu ya vumbi, likanasa jingine. Baada ya wiki tano injini ilikuwa imevaa ganda nene kama andazi lililoanguka mchangani na kukaangwa tena. Juu iling'aa vizuri sana. Kwenye kijiti cha kupimia, alama ya oili ilishuka, na kila nikiichungulia ilikuwa chini zaidi. Nilimwandikia Mkaguzi barua, ya kwanza maishani mwangu kuiandika kwa mkono wangu, mistari sita. Alinirudishia akiwa amesahihisha mahali nilipoandika *kutia*. Aliandika *kupaka*, kwa wino wa kijani, na pembeni: "Jitihada nzuri."

Nilimwombea. Nilimwombea Waziri pia, kwa jina lake na kwa namba ya gari lake, ili kusiwe na makosa huko juu kuhusu ni nani ninayemsema.

*

Alhamisi, tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, Nyamizi alifika kituoni akitembea, ameshikwa na dada zake wawili, na chupa ya uzazi imeshapasuka. Bado wiki tatu za hesabu ya daktari. Sista Kandida alimpima, akatoka nje bila kuvua glovu.

"Mzee, ni sasa. Mtoto amekaa vile vile kama yule wa kwanza. Tuna saa mbili, labda mbili na nusu. Washa gari."

Nilifungua boneti kwanza. Nilichomoa kijiti. Kilitoka kikavu, na unyevunyevu kidogo tu kwenye ncha, kama ulimi wa mtu mwenye homa.

Sikudhani alikuwa amefika. Sijui nani alimwita. Alikuwa ameshika kidumu cha oili ya kawaida, lita tano, na koleo la kukatia waya.

"Kata hiyo lakiri," akaniambia. "Dakika tatu. Tunaitia, unaondoka."

Bwana Fulgensi alikuwapo, kwa sababu ilikuwa Alhamisi. Alikuja mbio, hariri mkononi.

"Mama, hapana! Wewe ni wa mikokoteni! Mzee, ukikata hiyo ni miaka mitano, na mimi nitaandikwa kama shahidi!"

"Mwanangu," nikamwambia, "injini ni kavu. Kuna mama humo ndani. Nipe ruhusa."

Sitaki kumsingizia. Alipiga simu. Alipiga simu nne, akitembea huku na huku, kijasho kinamtoka. Kisha akarudi.

"Mwenye mamlaka ya kukata lakiri yuko kwenye semina. Simu zimekusanywa mlangoni. Lakini wamenipa kibali cha dharura." Akaikunja hariri. "Tunaruhusiwa kuipaka mara mbili."

Akachukua brashi, akaipaka injini mara mbili. Nyamizi alikuwa ameshalazwa nyuma, na nilisikia sauti yake akimuuliza Sista tunasubiri nini.

"Mzee Eliakimu," Sikudhani alisema polepole, ameninyooshea koleo. "Kata."

Nilisali. Hapo hapo, kofia mkononi. Nilikumbuka tulivyofundishwa kanisani kuzitii mamlaka. Nilikumbuka kwamba huu ndio waraka wa kwanza katika maisha yangu niliousoma mwenyewe, na nikaona kama nikiuvunja nitakuwa nimevunja na kile kidogo nilichojaliwa uzeeni. Nikasema, "Mungu atatufikisha."

"Mungu ameshakupa koleo, mzee," alisema Sikudhani.

Nami nikapanda garini nikawasha.

Sitaongeza neno kujitetea. Nilitii. Hilo ndilo nililofanya.

*

Tulikwenda vizuri kilomita thelathini na mbili. Kona ya kwanza ya mlima, taa nyekundu ya oili iliwaka, nikaiona. Kona ya tatu injini ilianza kugonga, sauti ya mtu anayepiga mlango kwa nyundo kutoka ndani. Ganda la mafuta na vumbi lilishika moto kidogo, moshi ukaingia tulipokaa. Kona ya sita injini ikanoki. Nilisikia chuma kikishikana na chuma, na baada ya hapo nikasikia ndege porini.

"Baba," Nyamizi aliita kutoka nyuma, "mbona tumesimama?"

Nilikuwa na majibu mengi ya wizara. Sikumpa hata moja.

Tulikaa barabarani saa moja na dakika hamsini. Aliyetuchukua alikuwa dereva wa lori la vitunguu, lori bovu, taa zimefungwa kwa kamba, lililojaa oili ya kawaida mpaka kwenye alama. Tulimlaza Nyamizi juu ya magunia. Sista Kandida alimshika mkono mpaka mlangoni mwa hospitali.

Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na robo. Hakulia.

*

Wizara haikuchelewa. Katika wiki mbili ilitoa taarifa ya kurasa arobaini na moja, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusoma, niliisoma yote. Nilisoma siku sita, kidole kikifuata mstari. Ilisema injini ilikutwa na upako kamili, ndani ya viwango, na uchunguzi wa hariri ulithibitisha. Ilisema ndiyo injini ya kwanza katika historia ya Nchi kufa ikiwa imepakwa kikamilifu, na kwamba ilikufa iking'aa. Nilitafuta neno *mtoto*. Halimo. Neno *mama* halimo. Katika ukurasa wa thelathini na tatu kuna sentensi hii: "Abiria mmoja alishuka njiani."

Nilirudi mwanzo nikaisoma tena, nikidhani labda kosa ni langu.

Kisha wakaandaa sherehe. Injini iling'olewa, ikasuguliwa, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha zambarau katika uwanja ule ule wa shule. Bendi ilipiga wimbo wa maombolezo. Waziri Nyororo aliivisha nishani, akaibusu, akajifuta midomo.

"Wapo watakaouliza ilikufaje," alisema. "Mimi nasema, tuulize iliishije! Iliishi laini! Je, mafuta ya daraja la juu yanastahili bei yake? Tazameni sura hii! Ipo injini ya mafuta ya kawaida iliyowahi kufa na uso kama huu?"

Mtu wa makofi alinyoosha mkono, watu wakapiga.

Mstari wa tatu alikaa Nyamizi. Walikuwa wamekwenda kumchukua nyumbani, wakamvalisha fulana kubwa iliyoandikwa *Ulaini Daima*, na chini ya fulana hiyo maziwa yalikuwa yamelowesha kitambaa, sehemu mbili. Alikuwa anaitazama injini. Hakuna aliyemgusa wala kumwambia neno. Sikudhani alisimama nyuma kabisa, karibu na mkokoteni.

Kando ya jukwaa liliegeshwa gari jipya la wagonjwa, jeupe, karatasi za kiwandani bado ziko kwenye viti. Nililetewa funguo kwenye sahani. Niliambiwa nitakuwa dereva wake, lakini kwanza nile kiapo mbele ya mashahidi. Bwana Fulgensi alinipa karatasi. Hakuniangalia machoni. Waziri akanisogezea kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Soma, mzee," akasema kwa furaha. "Nasikia siku hizi unajua kusoma!"

Niliisoma kimya, mpaka mwisho. *Mimi, dereva, naapa kuipaka injini hii, na kuipaka tena, na kutohoji.* Nilikuwa naelewa kila neno. Nikaikunja mara nne, nikaiweka juu ya ile injini iliyokufa.

"Nyamizi, mwanangu," nikasema, na kipaza sauti kikapeleka jina lake hadi barabarani. "Mwanao hakufa kwa mapenzi ya Mungu. Nimemsingizia Mungu wiki zote hizi, na leo naacha. Alikufa kwa sababu injini ilikuwa kavu, na mimi nilijua ni kavu, na nilikuwa na koleo mbele ya mkono wangu."

Mtu wa makofi hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mheshimiwa, umeuliza kama mafuta haya yanastahili bei yake. Fundi wangu alinijibu zamani: inategemea injini. Ila yaliyobaki nje hayastahili hata senti. Basi mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mlioitwa mashahidi, naahidi hivi. Gari hili, fundi akisema oili ya maabara, nitaitia ya maabara. Akisema ya kawaida, nitaitia ya kawaida. Nitaitia ndani, itakapofika nitaimwaga, nitatia nyingine. Nikikuta lakiri nitaikata mchana, watu wakiona. Mkinifunga, nitakuwa nimeshamfundisha atakayekaa kwenye usukani baada yangu, naye atamfundisha mwenzake."

Kipaza sauti kilizimwa mahali fulani katikati. Askari wawili walikuwa wameanza kupanda ngazi. Waziri alikuwa anatabasamu kwa wapiga picha, meno tu.

Nyamizi alisimama katika mstari wa tatu.

"Baba," alisema, "wa nyuma hawajasikia. Rudia."

Nikajaza kifua. Nikalisema lile neno kwa sauti yangu yote, na katika uwanja mzima hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Nitatia!"